Andika Siri Yako

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii imekukuta ukiwa umeshuka kwenye winchi, umenawa mikono, na umekaa mahali ambapo hakuna mtu wa kukuita. Kama bado uko kazini, ikunje uitie mfukoni, uisome nyumbani. Wifi hajambo? Mgongo wake umetulia? Na wale watoto, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na kwamba ile michoro yao ya magari yenye magurudumu saba nimeibandika ukutani kazini kwangu, na wageni wanaitazama kuliko ramani zetu.

Huku sisi ni wazima. Mimi kikohozi kimeniacha. Mama anakula, analala, anashona, na ulimi wake ni uleule. Juzi alimwambia mteja aliyelalamikia gauni kwamba gauni halina kosa, kosa ni la sahani. Lakini kuna jambo limemkwama kooni, na halitasogea mpaka apate neno kutoka kwako. Ndiyo maana sikukupigia simu. Nakujua. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, ungepandisha sauti, nami ningepandisha yangu, na Mama angesikia yote kutoka chumba cha pili. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi tulia nianze mwanzo, na mwanzo wenyewe ni kompyuta.

Ofisi yetu ya ramani imebadilisha mitambo. Zile kompyuta kubwa za kijivu tulizokuwa tukichorea mipaka ya viwanja zimeondolewa, zimeletwa mpya, nyembamba, zisizotoa hata sauti. Za zamani mkuu wetu alisema anayetaka abebe, mradi asirudi na malalamiko. Wenzangu walizitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka. Mimi nikabeba moja pamoja na skrini yake, na bega langu la kushoto halijanisamehe. Inaendeshwa kwa Unix, mfumo usiombembeleza mtu: unaandika amri kwa herufi, ukikosea nukta moja unanuniwa. Naupenda kwa sababu hiyohiyo. Haujifanyi umekuelewa wakati haujakuelewa, na wewe unajua ni watu wangapi ningependa wawe hivyo.

Niliiweka kwenye chumba cha mbele anamoshonea Mama, juu ya meza inayotazamana na cherehani, nikaipanga ili ikiwashwa tu ifunguke yenyewe bila kumuuliza kitu. Mama alianza kwa kuiogopa, akaendelea kwa kuitukana, na sasa hakuna anayemweza. Vipimo vyote vya wateja vimo humo: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ile tabia yake ya kuandika vipimo kwa chaki pembeni mwa meza, halafu yeye mwenyewe kuvifuta kwa kiwiko, imekwisha.

Sasa njoo kwenye lile kopo la bati la picha lililokaa chini ya kitanda tangu tukiwa wadogo. Nilipolifungua baada ya zile mvua nikakuta unyevu umeanza kuzila picha kutoka pembeni. Ile ya harusi ya Mama na Baba ilikuwa imegandana na nyingine, na nilipozibandua, sikio la Baba likabaki upande wa pili. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, Kaka, kwa ajili ya sikio. Kesho yake nikabeba kopo zima hadi ofisini. Tuna skana ya ramani, mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta, pana kama kitanda, na wakati wenzangu wamekwenda kula nikazitandaza picha zetu juu ya kioo chake. Mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani na si kwa kingine, alirudi mapema akanikuta, akauliza kama leo tunapima kiwanja cha ukoo.

Nikaamua picha hizo zisifungiwe tena. Ipo programu ambayo kompyuta ikiachwa bila kuguswa inaichukua skrini na kuonyesha picha moja baada ya nyingine, polepole, mpaka mtu atakapogusa kipanya. Zamani kazi yake ilikuwa kukilinda kioo kisiunguzwe na maandishi yaliyosimama mahali pamoja. Siku hizi ni pambo tu. Nikajiambia, Mama atakuwa anashona huku anamwona Baba. Wazo hilo lilinipendeza mno kiasi kwamba sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Kuisakinisha kulinitoa jasho. Mashine ni mzee na programu ni ya vijana. Nikiiweka, inadai kwanza iletewe kifurushi fulani kilichokosekana. Nikikileta, nacho kinadai ndugu yake. Ndugu anadai binamu. Jumamosi nzima nilikuwa naalika ukoo wa watu nisiowajua. Mwishowe wakatimia, programu ikakubali kukaa, nikaingia kwenye mipangilio yake: isubiri dakika chache kabla ya kuanza, kila picha ikae kwa muda wa kutosha kuitazama, zije kwa kubahatisha na si kwa foleni, zichukuliwe kutoka kwenye folda ya picha. Nikamwita Mama, nikamvutia kiti. Skrini ikawa nyeusi, ikaendelea kuwa nyeusi. Mama, kwa ule upole wake ambao ni mbaya kuliko kelele, akauliza kama hao ndio jamaa zetu. Kumbe folda nilikuwa nimeiita Picha kwa herufi kubwa, na kwenye mipangilio nikaandika picha kwa herufi ndogo, na kwa Unix hayo ni majina ya watu wawili wasiojuana. Nikarekebisha. Baba akatokea.

Laiti ungekuwepo. Alitokea akiwa na ile baiskeli yake mpya, kabla hajaigongesha. Akafuata bibi yetu akimkaripia mpiga picha. Wewe ulitokea umelala ubavu, kwa sababu nilikuweka vibaya kwenye skana, na Mama akasema nisikugeuze, ndivyo ulivyokuwa ukishinda siku za shule. Tulicheka, tukanyamaza, tukacheka tena. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikaongeza nyingine za Baba, nyingi, kila niliyoipata, hata zile za vitambulisho. Na ile uliyompiga wewe mwenyewe amesimama mlangoni, ameinua kiganja mbele ya uso kwa sababu ya jua, niliisafisha madoa yote nikaikuza ikajaa skrini nzima.

Baada ya siku chache Mama alikigeuza kiti chake. Cherehani ile nzito aliisukuma mwenyewe, nisipokuwepo, akawa anashona mgongo wake ukiwa upande wa kompyuta. Nikadhani mwanga unamsumbua. Nikaingia tena kwenye mipangilio nikapunguza mwanga, nikazifanya picha zibadilike taratibu zaidi, nikarudisha cherehani mahali pake. Mama akanishukuru. Jioni nikakuta ameigeuza tena. Kaka, mimi napewa ramani ya mji mzima nikaona mpaka uliokosewa kwa upana wa uzi, lakini hilo lilikuwa mbele ya pua yangu na sikuliona.

Jambo jingine ambalo sikuliona ni afya ya cherehani. Wakati wa Baba ilikuwa haiumwi. Mwaka huu ilianza kuumwa kila mara: leo uzi unakatika, kesho inaruka mishono, keshokutwa imekuwa nzito. Na kila ikiumwa anaitwa Bwana Tutaona. Humkumbuki? Ni yule fundi cherehani mrefu mwenye kibanda nyuma ya soko, mgane, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Ukimwambia mvua itanyesha, anasema tutaona. Ukimwambia asante, anasema tutaona. Alikuwa anakuja na kopo lake la mafuta, anaifungua cherehani, anaifunga, kisha anakaa kunywa chai kwa muda mrefu kuliko alioutumia kwenye kazi. Mimi nilichowaza ni kwamba cherehani imezeeka. Nilimwambia hata Mama tutafute nyingine, naye akanijibu kwa ukali ambao ulinishangaza kwamba hiyo bado ina kazi.

Halafu akaja mteja ambaye sasa namwita mama wa kiuno. Ni mama mmoja mwenye cheo chake, sitamtaja, aliyeachwa peke yake chumba cha mbele wakati Mama amekwenda kuchukua vifungo. Akasogeza kipanya, Baba akaondoka kwenye skrini, vipimo vyake vikatokea, na yule mama akajipunguzia kiuno. Alifuta namba ya kweli akaweka aliyoitamani. Mama, bila kujua, akamshonea namba ile. Siku ya kuvaa gauni halikufunga hata kwa maombi, na kelele zilizopigwa zilisikika hadi kwa kinyozi. Ndipo nikaamua kuiwekea kompyuta kufuli. Programu hiyohiyo ya picha ina kipengele hicho: picha zikishaanza, mtu akigusa kipanya hafunguliwi mpaka aandike neno analolijua mwenye mashine. Kisanduku kidogo hujitokeza juu ya picha iliyopo na kumngoja.

Sasa sikiliza kosa langu lilipoingilia. Kisanduku hicho kilikuja kikiongea Kiingereza, nami sikutaka Mama aongee na mashine yake kwa lugha ya kuazima. Kuna faili ambamo unaweza kubadilisha maneno yake. Profesa alinishauri niandike nywila, ndilo neno la vitabuni. Nikamwambia Mama akiombwa nywila atadhani anaulizwa habari za nywele. Nikaandika: Andika neno la siri, lakini nafasi ilikuwa fupi, maneno yakakatwa, ikabaki Andika neno la si, ambayo haina maana kwa mtu yeyote. Basi nikafupisha. Nikaandika: Andika siri yako. Na chini yake, kwa mtu atakayekosea: Si sahihi. Jaribu tena. Nilijipongeza. Kiswahili safi, kifupi, hakuna hata herufi iliyokatika.

Asubuhi ile nilimwambia Mama neno lenyewe la kufungulia. Alikuwa na pini mdomoni na cherehani inaunguruma. Aliitikia kwa kichwa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kazini, nikiwa na hakika kwamba nimesikika.

Niliporudi nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha sare, kama unavyofunika chakula nzi wasiingie. Mama akasema mwanga unamuumiza. Nikaacha. Siku zikapita na kitambaa hakitoki. Vipimo akarudia kuviandika kwa chaki mezani. Cherehani ikaanza kulia, kwa kweli safari hii, inalia kila gurudumu likizunguka, hata majirani wakauliza tunasaga nini. Nikamwambia amwite Bwana Tutaona. Akasema hatakuja. Nikauliza kama wamegombana. Akasema watu wazima hawagombani, wanaambiana tu, na akaniomba nimpishe kwa kuwa nilikuwa namzibia mwanga. Sauti yake haikuwa ya Mama ninayemjua. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekaa mbali na mlango.

Jumapili nikakitoa kile kitambaa. Nikaandika neno la kufungulia, na kabla haijafunguka mashine ikanipa taarifa, kama ilivyo desturi yake, kwamba kulikuwa na majaribio kadhaa ya kuifungua yaliyoshindwa. Nikafikiri ni yule mama wa kiuno karudi. Nikamuuliza Mama nikicheka ni nani alikuwa anahangaika na kompyuta. Akasema ni yeye. Iliniuliza siri yangu, akasema, nikaiambia, ikasema si sahihi.

Kaka, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa namwona Mama mbele ya mashine akijibu kwa uaminifu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikataka kumweleza maana ya kufuli, nikataka kumwambia Profesa kesho, nikataka mambo mengi kwa pamoja. Nilipofuta machozi nikaona yeye hacheki. Amekaa na mkasi mapajani, anautazama. Ndipo nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, aliiambia siri gani.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta tangu salamu za mwanzo. Mama anataka kuolewa. Bwana Tutaona alimwomba, na kwa mtu mchoyo wa maneno kama yule nadhani ilimgharimu. Mama akaomba siku chache za kufikiri. Katika siku hizo, asubuhi ileile niliyoweka kufuli, alikwenda kutafuta kipimo cha mteja, akagusa kipanya, na kwenye skrini yupo Baba pale mlangoni, amejaa, kiganja juu, na chini ya kidevu chake maneno: Andika siri yako. Alisema aligeuka kwanza kuona kama kuna mtu kaingia. Kisha akawaza kwamba labda ni heri aseme, kuliko kuendelea kushona huku amempa mgongo. Akaandika: Nataka kuolewa na fundi. Kila herufi aliyoipiga iligeuka nyota, naye akaona mashine ina adabu, inamsitiri. Ikajibu: Si sahihi. Jaribu tena. Akafikiri amesema kwa ufidhuli. Akaandika tena, badala ya nataka akaweka naomba. Si sahihi. Mara ya tatu akaongeza tafadhali. Si sahihi, na Baba yuko palepale kiganja juu.

Alasiri fundi alipokuja, Mama akamwambia hapana. Alisema fundi alibeba kopo lake la mafuta akajibu sawa. Hakusema tutaona.

Nitakuwa mkweli kwako. Jambo la kwanza nililolisikia moyoni halikuwa huruma, lilikuwa hasira. Niliwaza: juzi tu tumemzika. Si juzi, najua, lakini moyo hauna kalenda. Nilitoka nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nikiwa pale nikakumbuka ile cherehani iliyosukumwa, nikakumbuka nilivyokuwa nairudisha, kila siku, nikimkalisha mama yangu mbele ya mumewe kama mtuhumiwa, na yeye kila siku ananishukuru ili nisiumie. Sabuni ikaniishia. Nikarudi nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

Nikamweleza kila kitu: kufuli, pini mdomoni, nafasi iliyokuwa fupi. Nikamwambia ningeandika neno la siri kamili, yasingetokea haya. Nikamwambia mashine ile hata ungeiambia jua linatoka asubuhi ingesema si sahihi, kwa sababu kwake sahihi ni neno moja tu, nalo ni kifungo. Akasema yeye si mjinga, anajua kompyuta ni kompyuta, na habari ya jua anaijua kuliko mimi kwa sababu siku ile ya picha alikuwepo, ndiye aliyekuwa ameshika sahani ya Baba. Ila alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza, akasema, na mashine ikajitolea. Ilimpunguzia kazi. Sasa hakulazimika kukuuliza wewe.

Nikamuuliza kwa nini wewe. Akanikumbusha siku uliyoondoka baada ya mazishi, uliposema mbele yetu sote kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayetundika koti lake kwenye msumari wa Baba. Mimi nilikuwa nimesahau. Nadhani hata wewe umesahau. Ulisema kwa uchungu, na sisi sote siku ile tulisema mambo. Lakini Mama hakusahau. Msumari ule hadi leo hauna kitu. Hata mwavuli hautundikwi. Akasema Baba angekuja kumuuliza angekuwa na la kumjibu, wameishi pamoja, wanajuana. Ila wewe, hajui atakujibu nini.

Nilitaka kumfurahisha. Nikamwambia nitabadilisha lile neno la kufungulia sasa hivi, niweke sentensi yake nzima, nataka kuolewa na fundi, aiandike aone kama mashine haitafunguka. Nilishika kibodi kabisa. Akanizuia mkono. Akasema hataki kukubaliwa na kitu nilichokilazimisha mimi, na kwamba hata wewe nisikulazimishe, nikuandikie tu ilivyo, ujibu utakavyoona. Basi nakuandikia ilivyo.

Kesho yake, bila kumwambia Mama, nilipitia kwenye kile kibanda nyuma ya soko. Bwana Tutaona alikuwa ameinamia cherehani ya mtu, akanisogezea kiti. Nikamsimulia habari yote, hata pale pa tafadhali, na pale nilishindwa kumtazama usoni. Alisikiliza huku anafuta sindano kwa kitambaa. Nilipomaliza akaniuliza mashine iliandika nini hasa, nimtajie neno kwa neno. Nikamtajia: Si sahihi. Jaribu tena. Akaichomeka sindano mahali pake. Halafu akasema mama yangu alisoma nusu ya kwanza tu. Kaka, nilimpenda hapohapo. Nikamwambia kuna kaka yangu anayesubiriwa jibu, na kwamba kaka yangu si mtu rahisi. Akasema tutaona.

Hajaja nyumbani, wala hatakuja mpaka aitwe. Lakini jana alituma kichupa cha mafuta ya cherehani kupitia kwa kinyozi, na Mama ameitia mafuta mwenyewe. Hailii tena. Kompyuta nayo haina kitambaa. Tulikaa wawili tukapanga upya zile picha, na Mama akasema hata picha moja ya Baba isiondolewe, ila achanganywe na wengine, asilazimishwe kukaa zamu peke yake. Kwa hiyo tunataka picha zenu za sasa: Wifi, watoto, wewe ukiwa huko juu kwenye winchi. Maneno ya kisanduku nimebadilisha: Andika neno la siri. Nimepunguza ukubwa wa herufi, yakaingia yote.

Upande wangu tayari nimemwambia Mama aolewe. Nilimwambia nikiwa nalia, kwa hiyo hana hakika kama ni ndiyo, lakini ni ndiyo. Namkumbuka Baba kila siku, na nitamkumbuka hata kama msumari wake una makoti kumi. Ninachokuomba ni hiki. Usinijibu mimi. Usiandike barua nije nimsomee. Mpigie yeye, siku yoyote, akiwa ameacha kushona. Kama ni ndiyo, mwambie kwa sauti yako alisikie. Kama ni hapana, hilo nalo mwambie kwa sauti yako, maana amekwisha kukataliwa na kioo, na sitaki akataliwe mara ya pili na karatasi.

Nisalimie Wifi, mwambie atumie maji ya moto mgongoni na asinyanyue ndoo. Wabusu watoto. Majirani wanakuulizia, kinyozi anasema kichwa chako bado kina deni la kunyolewa vizuri.

Mama anajua nakuandikia. Nimemuuliza sasa hivi nikupe salamu gani, naye alikuwa anatia uzi sindanoni, akasema nikusalimie sana. Nimerudi mezani kukamilisha, akaniita tena. Amesema nikuambie kwamba hata ukikataa, anakusalimu vilevile.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Waya